Kishikwambi Hakichori: Yanayotokea Kati ya Kalamu, Kioo na Mkono

Nilimwonyesha shangazi yangu picha ya ngalawa niliyoichora kwa siku nne: pwani ya Kunduchi, jua linazama, tanga lenye viraka limejaa upepo. Akakishika kishikwambi, akakisogeza mbali na macho kama anavyosoma barua, akasema, "Nzuri sana mwanangu. Sasa hii umechora wewe, au imechora hiyo mashine?"

Hakuwa na nia mbaya. Swali hilohilo nimeulizwa na fundi seremala, na mwalimu wa sanaa, na hata kijana anayetengeneza kadi za harusi kwa kompyuta kila wiki. Tangu mwaka 2022, zilipoanza kusambaa picha zinazotengenezwa na akili unde (wengine wanaiita akili mnemba), jibu limezidi kuwa gumu kueleweka, maana mambo matatu yametiwa chungu kimoja: picha iliyochorwa kwa mkono juu ya kioo, picha ya kamera iliyopambwa na programu, na picha iliyotolewa na kompyuta baada ya kuandikiwa maneno. Nataka kuyatenganisha hapa. Kuyachanganya kunamwonea mchoraji anayeambiwa hakufanya kazi, na kunamtisha mtoto mwenye mkono mzuri anayedhani mambo haya ni ya wataalamu wa kompyuta peke yao.

Tuanze na majina

Kishikwambi ni kompyuta bapa ya kushika mkononi, kubwa kuliko simu, isiyo na kibodi. Tanzania neno hili lilizoeleka sana wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo, kisha vikagawiwa kwa walimu. Kenya wengi husema tableti. Na hapo kuna mtego mdogo: wachoraji wana kifaa kingine wanachokiita tableti vilevile, nacho ni ubao wa kuchorea. Huo ni sahani bapa ya plastiki inayochomekwa kwenye kompyuta. Mkono unachora mezani, macho yanatazama skrini iliyo mbele yako. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, imejijengea jina kwa mbao za namna hiyo. Ukienda dukani ukasema tu "nataka tableti ya kuchorea", unaweza kurudi nyumbani na ubao usiowaka wala kuonyesha kitu bila kompyuta. Kwa hiyo taja unachotaka.

Uchoraji wa kidijitali ni kuchora kwa mkono, mstari kwa mstari, isipokuwa rangi haikai kwenye karatasi. Mwendo wa mkono unageuzwa kuwa namba, na namba hizo zinaonyeshwa kama mwanga wenye rangi kwenye kioo. Neno la kulishika hapo ni mkono. Usipousogeza, turubai (ule uwanja wa kuchorea ndani ya programu) inabaki nyeupe hadi chaji iishe.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad ambayo ilimwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, akitumia kompyuta iliyojaza chumba. Kilichobadilika tangu wakati huo ni ukubwa wa kifaa na bei yake. Wazo ni lilelile.

Kioo kinajuaje kalamu iko wapi?

Chukua kalamu ya wino ya kawaida uiburute juu ya kioo cha simu yako. Hakuna kinachotokea. Jaribu kwa ncha ya ukucha, hakuna. Gusa kwa nyama ya kidole, kioo kinaitika. Sababu ni kwamba ndani ya kioo umetandazwa wavu wa nyaya nyembamba zisizoonekana, zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme, hivyo kidole kikigusa kinavuruga chaji pale pale, na kifaa kinapima mvurugiko huo umetokea wapi. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo kioo hakiioni. Maji yanapitisha, ndiyo maana simu iliyodondokewa na mvua huanza kujibonyeza yenyewe.

Kutokana na hilo kuna kalamu za namna mbili, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Ya kwanza ni ile yenye ncha ya mpira laini, inayouzwa kwa bei ndogo kando ya makava ya simu. Hiyo ni kidole cha bandia, basi. Ukiikandamiza au ukiigusisha kidogo, mstari unatoka na unene uleule. Ya pili ina mawasiliano na kifaa. Nyingine huwa na betri ndani, kama Apple Pencil iliyotoka mwaka 2015. Nyingine hazihitaji betri ili kuchora, kama S Pen ya Samsung: kifaa kinatoa mawimbi ya sumaku-umeme, koili iliyo ndani ya kalamu inayapokea na kuyarudisha, kama mtu aliyeitwa ng'ambo ya bonde akaitika. Kifaa kinasikiliza mwitiko umetoka upande gani, na kinajua ncha iko wapi hata kabla haijagusa kioo.

Faida kubwa ya kalamu hii ya pili ni kupima mkandamizo. Ukiigusisha kwa upole unapata mstari mwembamba au hafifu. Ukiilemea unapata mzito, kama penseli kwenye daftari. Wauzaji watakutajia viwango 4,096 vya mkandamizo, au 8,192, na watakuambia namba kubwa ndiyo bora. Mimi sijawahi kuhisi tofauti ya hizo mbili mkononi, na sidhani kama wewe utaihisi. Angalia mambo mawili tu ukiwa bado dukani. Kwanza, kalamu ishike mguso mwepesi kabisa, ule wa kuchora unywele. Pili, uchore duara la haraka uone kama mstari unakufuata au unabaki nyuma kama mtoto anayeburutwa sokoni. Na uliza kama kalamu hiyo ni ya kishikwambi hicho, kwa sababu kalamu ya kifaa kimoja mara nyingi haisemi kitu kwenye kingine.

Mkeka

Simama mlangoni utazame mkeka wa ukindu uliotandikwa ukumbini. Unaona mistari ya zambarau na kijani, pengine maua au maandishi. Sasa piga magoti uutazame kwa karibu: hakuna ua wala herufi, kuna vipande vya ukindu tu, kila kimoja na rangi yake, vimepishana. Picha ya kidijitali imesukwa hivyohivyo. Kipande kimoja kinaitwa pikseli.

Kila pikseli ina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na bluu. Kila taa inaweza kuwekwa kwenye ngazi 256, kuanzia kuzimwa kabisa hadi kuwaka kwa nguvu zote. Ukizidisha 256 mara 256 mara 256 unapata rangi 16,777,216. Kwa hiyo anayesema "kishikwambi hakina rangi za kutosha" amekosea, na shida yenyewe iko upande wa pili, kwamba ni nyingi mno na hakuna hata moja inayokuambia "nichukue mimi".

Ukubwa wa mkeka unauamua mwenyewe kabla ya kuanza, na hapo nilijikwaa vibaya. Picha zangu za mwanzo nilizichora kwenye turubai yenye upana wa pikseli 1,000. Kwenye skrini zilipendeza. Kwa kuchapa kwa ubora mzuri, kipimo kinachotumika sana ni pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Gawanya 1,000 kwa 300: upana wa sentimita nane na nusu, sawa na kadi ya benki. Nami nilitaka picha ya kutundika ukutani! Ukiikuza kwa nguvu, programu inalazimika kubuni pikseli ambazo hukuzichora, na picha inakuwa na ukungu. Ukindu hauongezeki kwa kuuvuta mkeka. Karatasi ya A4 kwa kipimo hicho inataka pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8 na laki 7 kwa jumla. Anza hapo, au zaidi ya hapo kama kifaa chako kinaweza kubeba.

(Kuna aina nyingine ya mchoro iitwayo vekta, ambayo haihifadhi pikseli bali hesabu ya mistari yenyewe, kwa hiyo inakuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kuharibika. Inafaa sana kwa nembo na herufi. Kwa uchoraji wa ngalawa na mawingu, pikseli ndizo zinazokuachia ufujo mzuri wa brashi.)

Brashi ni muhuri

Hili lilinichukua muda mrefu kulielewa, na nilipolielewa uchoraji wangu ulibadilika. Ndani ya programu hakuna unywele wa brashi. Kuna muhuri, kama ule wa ofisi ya serikali ya mtaa. Muhuri huo una umbo fulani: duara laini, au doa lenye mikwaruzo, au alama kama ya sifongo. Unapoburuta kalamu, programu inaugonga muhuri huo mara nyingi mfululizo kwenye njia uliyopita, kwa ukaribu kiasi kwamba jicho linaona mstari. Ukitaka kuthibitisha, fungua mipangilio ya brashi yoyote uongeze nafasi kati ya mguso na mguso. Mstari utakatika na kuwa shanga.

Ukishajua hilo, maneno yote ya kwenye mipangilio yanaanza kuwa na maana. "Ukubwa" ni ukubwa wa muhuri. "Uwazi" ni wino mwingi au haba. "Mtawanyiko" ni muhuri kugongwa kando ya njia badala ya juu yake, ambao ni mzuri sana kwa majani ya mwembe na mchanga wa ufukweni. Brashi ya mkaa ni muhuri wenye chembechembe. Na ile biashara ya kuuziana mafurushi ya brashi mia tano ni kuuziana mihuri mia tano. Mimi ngalawa yangu yote nimeichora kwa mitatu: mmoja wa duara gumu, mmoja wenye kingo chakavu, na mmoja laini kwa ajili ya ukungu wa upeo wa bahari.

Jambo jingine linalowashangaza waliozoea rangi halisi: ukichanganya bluu na njano hupati kijani. Kwenye sahani, rangi ni unga uliokorogwa kwenye mafuta au maji. Unga wa bluu unameza sehemu fulani ya mwanga, unga wa njano unameza nyingine, na kinachoponyoka ni kijani. Programu nyingi hazina unga. Zina namba, nazo zinatafuta wastani. Bluu kamili ni 0 nyekundu, 0 kijani, 255 bluu. Njano kamili ni 255 nyekundu, 255 kijani, 0 bluu. Wastani wake ni 127 na ushee kila mahali, na hiyo ni rangi ya majivu. Ndiyo sababu wanaoanza hupaka na kusugua wakitegemea rangi zijipate zenyewe, kisha picha yote inakuwa kama sementi. Programu chache zimetengenezwa kuigiza unga halisi, lakini kwa nyingine zote dawa ni kuchagua rangi ya katikati kwa macho yako na kuiweka mwenyewe.

Na macho ndiyo kazi yenyewe. Kivuli cha ngalawa kwenye mchanga wa jioni nilikipaka nyeusi mara ya kwanza, kikaonekana kama shimo. Nikaenda ufukweni saa kumi na mbili kasoro kutazama. Kivuli kile kilikuwa cha zambarau iliyofifia, kwa sababu mwanga wa jua haukifikii lakini mwanga wa anga unakifikia. Hakuna kitufe kilichoniambia hivyo.

Leya, na kwa nini kosa limekuwa rahisi

Zamani waliotengeneza katuni walichora mhusika kwenye karatasi ya plastiki angavu, wakaiweka juu ya mchoro wa mandhari. Mhusika akitembea, mandhari inabaki. Leya ni karatasi hiyo angavu. Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ilizipata leya mwaka 1994, na leo hata programu ya bure ya simu inazo.

Picha yangu ya ngalawa ilikuwa na leya tisa. Chini kabisa anga. Juu yake bahari. Kisha mchanga, kisha vivuli, kisha mtumbwi, kisha zile mbao mbili za ubavuni zinazoushikilia usipinduke, kisha tanga, kisha viraka vya tanga, na juu kabisa mwanga wa mwisho wa jua. Tanga lilipokuwa dogo kuliko mtumbwi, nililikuza peke yake bila kugusa anga iliyonigharimu jioni nzima. Kwenye hadibodi ningepaka upya kila kitu.

Leya zina tabia ambayo mtu anaweza kuichezea mwezi mzima, nayo ni namna leya ya juu inavyochanganyikana na iliyo chini yake. Namna inayotumika sana inaitwa kuzidisha, na jina lake ni la kweli, maana programu inazidisha namba za rangi ya juu kwa za rangi ya chini. Matokeo yake nyeupe inatoweka na kila kitu kingine kinakolea. Fikiria umemwaga chai ya rangi juu ya mchoro wa penseli: karatasi imebadilika rangi, lakini mistari bado unaiona. Hivyo ndivyo nilivyotia vivuli kwenye viraka vya tanga bila kuvifuta.

Leya hazitolewi bure, hata hivyo. Kila pikseli inahifadhi namba nne, yaani taa tatu pamoja na kiwango cha uwazi. Kwa turubai ya A4 niliyoitaja, leya moja inakaribia megabaiti 35 kwenye kumbukumbu ya kifaa. Leya ishirini, megabaiti mia saba. Programu nyingi zina njia za kubana, lakini kishikwambi cha bei nafuu kitafika mahali kikuambie leya zimekwisha. Si ubovu wala virusi. Unganisha zile ulizokwisha maliza uendelee.

Pamoja na leya kuna ule mshale wa kurudi nyuma, unaofuta ulichofanya sasa hivi. Wengi wanausema kama ushahidi kwamba kazi ni ya mashine. Mimi naona umebadilisha bei ya kosa tu. Kopo la rangi na ubao vinagharimu fedha, na mtoto wa nyumba isiyo na fedha hujifunza mapema kutothubutu. Kwenye kioo anaweza kuchora mkono wa binadamu mara sitini kwa jioni moja, na mara hamsini na tisa ukawa mbovu, bila mtu kumgombeza kwa kuharibu vifaa. Hasara yake pia ipo, nami naiona kwangu: mtu anaweza kufuta mstari mmoja mara arobaini akiutafuta ulio kamili, picha isiendelee. Siku hizi ninajilazimisha kuchora dakika kumi bila kurudi nyuma hata mara moja.

Bluu iliyokufa steshenari

Nilipomaliza, niliipeleka picha kuchapwa. Bahari ilitoka imekufa: ile bluu iliyokuwa ikimeremeta ikawa kama sare ya shule iliyofuliwa miaka mitatu. Nilitaka kugombana na yule kijana wa mashine, lakini hakuwa na kosa.

Kioo kinatoa mwanga. Ukiwasha taa zake zote tatu unapata nyeupe. Karatasi haitoi mwanga. Inarudisha tu ule unaoiangukia, na wino unaumeza. Ukirundika wino wa rangi zote unaelekea kwenye giza. Mashine ya kuchapa inatumia samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna bluu na kijani za kioo ambazo wino huo hauwezi kuzifikia kwa namna yoyote. Tangu siku hiyo ninapunguza mwanga wa skrini ninapochora kitu cha kuchapwa, na ninachapa kipande kidogo cha majaribio kwanza.

Pia msitume kazi ya kuchapwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na kupoteza pikseli nyingi njiani. Itumeni kama dokumenti.

Basi hiyo nyingine ni nini?

Sasa tunaweza kurudi kwenye chungu kile kimoja. Programu za kupamba picha huchukua picha ya kamera na kubadilisha pikseli zilizopo: kung'arisha ngozi, kuipa sura ya rangi ya maji. Mwendo wa mkono haumo.

Akili unde inafanya kitu kingine kabisa. Mfumo wake umepitishwa kwenye picha nyingi mno zilizoambatana na maelezo, ukajifunza uhusiano wa maneno na maumbo. Ukiandika "ngalawa, machweo, Kunduchi", mifumo mingi ya sasa inaanza na ukungu wa chembe zisizo na mpangilio, kama runinga isiyoshika chaneli, kisha inausafisha hatua kwa hatua hadi utokee mfano wa ulichotaja. Hakuna brashi wala mstari uliotangulia mwingine. Na wengi wa wachoraji ambao kazi zao zilitumika kuufundisha mfumo hawakuulizwa, jambo ambalo linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma yeyote anayekula kwa mkono wake.

Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado nchini Marekani, picha ambayo Jason Allen aliitengeneza kwa msaada wa Midjourney, programu ya akili unde, ilipata ushindi wa kwanza katika kundi la sanaa ya kidijitali. Ugomvi mkubwa ukazuka, na mwaka uliofuata ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ikakataa kumsajilia picha hiyo kama ilivyo, kwa kuwa sehemu kubwa haikutoka kwa mwanadamu. Tangu hapo neno "kidijitali" limebeba mzigo usio wake. Watu wanasikia kidijitali, wanaelewa akili unde.

Ukitaka kujua picha imechorwa au imetolewa, mwombe mchoraji akuonyeshe leya zake, au video ya hatua. Programu kama Procreate na ibisPaint hurekodi kila mguso wa kalamu na kuurudisha kwa kasi, kuanzia rasimu chafu ya kwanza. Nimeanza kuziambatanisha video hizo na kazi zangu. Nafanya hivyo kwa furaha, kwa sababu mtu akiyaona makosa yangu yote ananiamini zaidi.

"Lakini si sanaa halisi"

Hili ninalijibu kwa mfano wa mzee mmoja wa hapa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakutumia turubai ya kitani wala rangi za mafuta za chuo cha sanaa. Alitumia vipande vya hadibodi, bidhaa ya ujenzi, na rangi za kung'aa za kopo, zile zinazopakwa kwenye vitu kama baiskeli. Vifaa vya dukani kabisa. Leo michoro ya mtindo unaobeba jina lake inatundikwa mbali sana na hapa, na hakuna anayeuliza kama baiskeli ndiyo iliyochora.

Huko Uingereza, David Hockney, aliyekwisha kuwa mchoraji mkubwa kwa miongo mingi, alianza kuchora kwa kidole kwenye iPhone mwaka 2009 na kwenye iPad mwaka 2010, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Michoro yake ya majira ya kuchipua ya Yorkshire, iliyochorwa kwa iPad na kuchapwa kwenye karatasi kubwa, ilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Royal Academy jijini London mwaka 2012. Dirisha la vioo vya rangi lililozinduliwa mwaka 2018 katika kanisa la Westminster Abbey, aliusanifu mchoro wake kwa iPad.

Cha kuanzia

Huhitaji kifaa cha mamilioni. Kama una simu na kidole, ibisPaint na Sketchbook zinapakuliwa bila malipo. Krita ni ya bure kabisa, inatengenezwa na jamii ya watu wanaoshirikiana, na ina uwezo mkubwa kwenye kompyuta; ipo pia ya vishikwambi vya Android. Procreate, ya kutoka Tasmania nchini Australia, inalipiwa mara moja tu lakini ni ya vifaa vya Apple. Zote zinachora bila intaneti, kwa hiyo bando si kisingizio. Chora kikombe kilichopo mezani, kwa rangi tatu tu, kwenye leya mbili.

Shangazi alikuja tena mwezi uliopita. Safari hii sikumweleza kitu. Nilifungua turubai mpya, nikampa kalamu, nikamwambia, "Shikamoo shangazi, haya, iambie ichore." Akacheka. Akasubiri kidogo, kweli akiitazama. Kisha akaweka ncha kwenye kioo na kuanza kuchora chungu, taratibu, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo. Mstari ukamponyoka ukaenda kando, kwa sababu kioo hakina ukwaruzo wa karatasi.

"Kumbe inateleza," akasema, akakunja mkono wa dera lake na kuuegemeza mkono mezani ili aanze upya.